Mwafanyaje?

Usiku wa kwanza nilioendesha mchezo wetu wa hadithi, wachezaji wangu wote wanne walitoka mlangoni na hawakurudi. Si mlango wa nyumba yetu; wenyewe walikuwa wameketi pale pale juu ya jamvi, darini kwetu Kibokoni, Mombasa, wakitafuna kachiri. Mlango walioutoka ulikuwa wa kilabu cha pombe nilichokibuni mimi, katika kijiji cha theluji nilichokibuni mimi, ambamo mzee wa joho jeusi alikuwa amekaa pembeni akiwasubiri awape siri ya ramani. Mzee yule nilikuwa nimemwandikia maneno ya kurasa nne. Hakupata kusema hata moja.

"Mwafanyaje?" niliwauliza.

"Twatoka," akajibu fundi simu. "Hapa ni mahali pa ulevi. Mtu akituona je?"

Dereva wa tuktuk, ambaye vilabu anavijua mpaka Mtwapa, naye hakuridhika, kwa sababu zake. "Kilabu hakina muziki, hakina nyama choma. Watu wamekaa wanafanya nini?" Wakatoka. Nje nikawapa theluji mpaka magotini, na mwalimu akataka kujua kama inauzwa. Theluji. Tulitumia dakika 20 tukijadili biashara ya barafu, na mimi daftari nimelishika mapajani, kurasa 31 za hadithi, nikitafuta njia ya kuwarudisha ndani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wachache huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi. Mmoja hana mhusika; yeye ndiye huwaeleza wenzake wako wapi na wanaona nini, huwasemea maadui na wenye maduka na wafalme, kisha huuliza, mwafanyaje? Wao hujibu. Ikiwa jambo lenyewe lina mashaka, kama kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi, dadu hurushwa. Hakuna mshindi, na hakuna ubao wa lazima. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao walitoka kwenye michezo ya vita ya kusogeza askari wadogo mezani. Mimi niliujua kazini. Ninafanya makaratasi ya mizigo ya bandarini, na anayefanya kazi hiyo anajua kungoja ni nini. Katika kungoja huko nilisoma kanuni za msingi, ambazo hutolewa bure mtandaoni tangu 2014, nikazichapisha kwenye saiba moja Mwembe Tayari, na mwaka 2019 nikawakusanya watu darini.

Nilidhani kazi yenyewe naijua tayari. Nimelelewa na nyanya aliyekuwa haishiwi ngano. Akisema "Paukwa!" tulimjibu "Pakawa!" na tukaamini kwamba hadithi tunaitunga pamoja naye. Ilinichukua muda kuona kosa langu lilipokuwa. Paukwa ina jibu moja tu. Msikilizaji anajibu, ndiyo, lakini anajibu kile ambacho msimulizi anakijua, na sungura atamshinda fisi upende usipende. Mimi niliwauliza wenzangu mwafanyaje nikiwa na pakawa yangu mfukoni, na waliponipa jibu jingine nikawaona wao ndio hawajui kucheza.

Jambo la kwanza kurekebisha lilikuwa lugha, na sikulirekebisha mimi. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilianza kwa Kiingereza. Mwalimu alikwenda sawa. Binti wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, alikwenda sawa pia. Fundi simu alinyamaza kama mgeni msibani, na dereva alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: anashambulia. Nikamweka moyoni kama mtu wa vita, asiye na mawazo. Juma la tatu umeme ulikatika, tukawasha taa ya chemli, na kwa sababu ya kiza na mzaha Kiswahili kikatutoka chenyewe. Zamu ya dereva ikafika. "Mimi siendi mbele," akasema. "Nazunguka nyuma ya zile pipa, nachota mchanga, nakohoa ili ageuke. Akigeuka tu nammwagia machoni. Hapo ndipo nampiga, na si kichwani, gotini, maana nataka aseme alikotumwa." Mtu yule yule! Majuma mawili nilikuwa nimemuuliza swali kwa lugha ambayo ndani yake hakuwa na magoti wala mchanga.

Tukaanza kutafsiri. Sifa sita za mhusika hazikutusumbua: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto. Nimesikia kwamba kwingine watu hubishana sana juu ya tofauti ya akili na busara. Kwetu sisi hakuna aliyeuliza, kila mmoja ana jamaa mwenye hii asiye na ile. Msaka wanyama akawa msasi, mwimbaji akawa malenga, lile jitu la pangoni likawa zimwi. Shida ilikuwa ni yule wa vitabu na sihiri. Nilimwita mchawi, kwa sababu ndivyo kamusi ilivyosema, na fundi simu akamchagua. Sasa fikiria saa tano za usiku, nyumba za Mji wa Kale zilivyobanana, dirisha kwa dirisha, na sauti ya dereva inatoka darini: "Mchawi! Mroge huyo kabla hajafika!"

Bi mkubwa alipanda ngazi polepole, leso mbili, moja kichwani.

"Mwanangu," akasema, "nani anarogwa hapa?"

Nikamweleza. Akaangalia jamvi lote. Akaiona dadu. "Na hiyo?"

"Kama ya ludo tu, mama. Hakuna pesa hapa."

"Ludo mjukuu wangu acheza mchana, tena mlangoni. Nyumba ya babako haichezwi kamari, wala uchawi haupigiwi kelele usiku watu wamelala. Mie dadu hiyo hata kuishika siishiki."

Wenzangu walikuwa wameinama kama watoto wa madrasa. Nilikuwa na majibu mengi, ya kwamba ni hadithi tu, ya kwamba hata ngano za nyanya zilijaa majini. Sikuyatoa, na nadhani nilifanya vizuri. Mwenye nyumba hakuuliza kama ni hadithi. Alisema kipi hakisemwi nyumbani kwake. Toka siku ile mchawi akawa mnajimu, mtu wa nyota na vitabu, sihiri zake zikawa ni elimu ya kuzijua saa na pepo. Dini tukaiacha nje ya jamvi kabisa, kwa kuwa mwalimu ni Mkristo wa Changamwe, wengine wetu ni Waislamu, na hakuna aliyependa kusikia ibada ya mwenzake ikihesabiwa pointi. Ajabu ni kwamba mnajimu alipendeza kuliko mchawi. Mchawi alikuwa akirusha moto tu. Mnajimu ilibidi aulize usiku huu ni wa mwezi gani.

Kijiji cha theluji nilikizika bila sanda. Badala yake nikachora kisiwa chenye mkono wa bahari pande mbili, ngome ya matumbawe, vichochoro, visima, na bara ambako chakula hutoka. Nikakiita Mwambakale. Mtu wa Mombasa haoni ubunifu mkubwa hapo, nami sikuutafuta. Nilichotaka ni mahali ambapo nikiuliza mwafanyaje mtu ana la kujibu kwa sababu anajua mahali kama pale kunafanyika nini. Na saa ya mchezo nikaifanya ni pepo: kaskazi ikivuma, majahazi yanakuja kutoka Arabuni; kusi ikishika, yanarudi. Kila kikao tulisogeza kokoto moja kuelekea kusi.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote niliyopata. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Maskati. Nilimweka tu awauzie kamba na taa. Nikamsemea: "Nimeshuka jana, jahazi langu liko bandarini." Wakaanza kununua. Fundi simu, ambaye babu yake alikuwa baharia, akainua mkono kama yuko darasani.

"Nahodha, kokoto iko wapi?"

Nahodha ndiyo mimi. Jina hilo walinipa wao. Nikamwonyesha. Kusi ilikuwa imeshika siku nyingi.

"Basi huyu mwongo," akasema. "Kwa kusi hii nani atoke Maskati aje huku? Upepo wamsukuma arudi. Ama hakuja jana, ama hakutoka Maskati. Namshika mkono. Namuuliza, yakhe, wewe ni nani?"

Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyesahau upepo. Mfanyabiashara yule hakuwa na siri. Alikuwa duka lenye miguu. Nilikuwa na sekunde mbili. Ningeweza kusema, "Nimekosea, sema alishuka kitambo," na tukaendelea na bei ya kamba. Nikaangalia nyuso zao. Wote walikuwa wameacha kutafuna. Nikamfanya yule mtu avute mkono wake kwa nguvu na kukimbia kuelekea vichochoroni.

Mambo ya miezi minane iliyofuata yalitoka katika mbio zile. Yule alikuwa mpelelezi wa maadui wanaotaka kuizingira ngome. Je, niliwadanganya? Nimelifikiria swali hili mara nyingi. Naona sikuwadanganya, kwa sababu ya kitu kimoja: nilipouliza, sikuwa nimelijua jibu, na walipojibu jibu lao lilikuwa limejengwa juu ya kitu cha kweli mle mchezoni, upepo, ambacho mimi mwenyewe nilikubali kwamba ni sheria. Ningalificha upepo ili hadithi yangu ipite, hapo ndipo ningalikuwa mwongo kumshinda yule mtu wa Maskati.

Kuzingirwa kwenyewe nilikuazima Ngome ya Yesu. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na njaa na maradhi yaliua watu ndani kuliko mizinga. Jumapili moja nililipa kiingilio kama mtalii nikaipima kwa hatua zangu, nikichora. Kuna ule ujia wa matao uliochongwa ndani ya mwamba, unaotokea upande wa bahari. Nilipousimamia nikajua wachezaji wangu wataingilia pale, na nikapanga walinzi. (Hawakuingilia pale. Waliingia kwa lango kubwa, wamebeba mbuzi, wakisema wametumwa na mpishi.) Kutoka kwenye historia ile nilichukua hesabu moja: ndani ya ngome nilihesabu magunia ya mtama, si askari. Vita vikawa kitu cha kufikiriwa, hata dereva akaanza kuuliza watu wanakula nini.

Sasa nije kwenye dadu, maana hapa niliaibika.

Mwanzoni nilikuwa nikirusha dadu zangu nyuma ya kalenda ya duka niliyoisimamisha mbele yangu kama ukuta. Ni desturi ya waendesha mchezo wengi. Unaficha maandishi yako, na dadu pia. Basi usiku mmoja Chuma, mhusika wa dereva, alikuwa na uhai wa pointi 5 tu na zimwi liko juu yake. Nikarusha dadu ya pande 20 nyuma ya kalenda. Ikaja 19, na pigo la pointi 14. Chuma amekufa. Lakini dereva siku ile alikuwa amegombana na mwenye tuktuk, uso umemsawijika, nami nikasema, "Limekukosa, rungu limepiga ukuta." Watu wakashangilia. Binti wa dada yangu alikuwa amekaa ubavuni pangu.

"Mjomba," akasema, bila ubaya wowote, "si umepata kumi na tisa?"

Dereva hakupandisha sauti. "Kumbe nimeachiwa," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na lile joka la mwezi uliopita, nililiua mimi ama uliniachia pia?"

Joka lile aliliua mwenyewe, dadu yake, mkono wake. Nilimwapia. Lakini kiapo cha mtu aliyeshikwa na 19 nyuma ya kalenda kina thamani gani? Nilikuwa nimemwokoa Chuma kwa pigo moja, na papo hapo nikampokonya dereva kila alichowahi kushinda.

Kalenda ikarudi ukutani. Nikaleta sinia ya bati, nikaiweka katikati ya jamvi: kila dadu, yangu na yao, itarushwa pale, mbele ya macho. Uamuzi mzuri, chombo kibaya. Bati lina mdundo. Juma la pili dadu yetu ya pande 20, ya pekee, aliyoniletea binamu kutoka Dubai, iligonga sinia, ikaruka, ikapita ukingo wa dari na kutumbukia kichochoroni. Tulishuka na tochi wote. Tulikuta paka wawili na mzee mmoja akirudi kwake, aliyetuuliza tumepoteza nini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumjibu.

Tukakata vikaratasi 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kopo la kahawa. Unatikisa, unachomoa, unasoma, unarudisha. Bahati yake ni ile ile ya dadu, moja katika 20, mradi kila karatasi irudi. Majuma matatu yakapita na hakuna hata mmoja aliyepata 20. Fundi simu akaanza kunitazama kwa pembe ya jicho. Mwalimu akafanya hesabu nyuma ya daftari la dereva: tulikuwa tumechomoa mara 60 hivi, na kukosa 20 mara zote hizo hutokea chini ya mara 5 katika 100. "Sisemi kitu, Nahodha," akasema, na hiyo ndiyo namna ya mwalimu ya kusema. Mimi niliyeleta sinia ili nisidhaniwe, nikawa nadhaniwa zaidi kuliko siku za kalenda. Sikuwa na la kujitetea. Niliyowafanyia yalikuwa bado mabichi.

Bi mkubwa ndiye aliyeniokoa. Alikuwa akikung'uta jamvi Ijumaa asubuhi. Akaniita kutoka juu, "Kijikaratasi hiki cha ishirini ni chenu?" Kilikuwa kimejipenyeza kwenye ushono wa pembeni. Alikishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeshika mjusi. Nilimpiga picha nikawatumia wote.

Chuma alikufa kweli? Bado. Tulikubaliana kuliacha zimwi lile lilivyo, limekosa, lakini dereva mwenyewe akaandika kwenye karatasi yake, mahali pa mali: "deni la pigo 1".

Mwaka 2020 sitausema sana. Machi ikaja kafyu, na Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, tena mwezi wa Ramadhani. Mwalimu yuko Changamwe, dereva yuko Likoni, fundi simu nilitenganishwa naye na nyumba nne. Tukacheza kwa simu baada ya tarawehe ya nyumbani, mpaka karibu na daku. Nilichojifunza ni kitu kimoja tu. Darini, nikiuliza mwafanyaje na watu wakanyamaza, nilikuwa naona aibu ya kimya, naongeza maneno, na maneno yale yalikuwa ni vidokezo: "mnaweza pia kumfuata yule mzee…" Usiku mmoja nimeuliza, mtandao ukanikatikia upande wangu bila mimi kujua. Nikangoja kama mjinga, nikidhani wanafikiri. Niliporudi hewani nikawakuta wameshabishana, wamepiga kura, wameshaamua kuitoboa mashua yao wenyewe kwa sababu ambazo mpaka leo nazistahi. Walikuwa hawajagundua kwamba sikuwepo. Siku hizi nikiuliza nainywa kahawa yangu. Kikombe cha kahawa chungu, kile kidogo, kikinywewa taratibu kinatosha watu wanne kukubaliana.

Na daftari limepungua. Kurasa 31 zimekuwa nusu ukurasa: majina matatu ya watu, kila mmoja anataka nini, na nini kitatokea kufikia kokoto ya pili kama wachezaji watalala usingizi. Kilichobaki nakikuta darini. Kuna vikao vinavyokufa, nisikudanganye. Wiki nyingine watu wamechoka, mchezo unakuwa wa kununua mishale. Sijapata dawa yake, na sidhani ni ugonjwa.

Ila hata nusu ukurasa inaweza kukosa kitu cha maana, kama kilivyokosa kile kisima.

Nilikuwa nimewapeleka bara, kwenye mji mfu msituni, kuta za matumbawe na mizizi juu yake, kama Gede. Katikati kuna kisima kirefu, na kisimani kuna jini. Nilimwandalia vizuri: uhai wa pointi 60, mapigo mawili kwa zamu. Wakafika, wakachomoa mapanga. Bi mkubwa alikuwa amepanda kuanua nguo. Miaka ilikuwa imepita. Alishazoea kupita kati yetu, husikiliza huku akijifanya hasikilizi. Akatoa kibanio cha nguo mdomoni.

"Mwamwendea mtu nyumbani kwake na mapanga," akasema, "hodi mmepiga?"

Wakatazamana. Mwalimu akairudisha panga alani. Fundi simu, yaani mnajimu, akainama juu ya kisima akasema kwa adabu kamili, "Hodi!" Kisha wote wakanigeukia mimi.

Na mimi sikuwa na kitu. Nilijua jini yule anapiga kwa nguvu gani. Sikujua anataka nini. Pointi 60 za uhai, na hana hata haja moja ya kumfanya aishi. Nilikunywa kahawa yote, hadi machicha, ndipo nikamtoa sauti: "Karibu. Kuna kitu kilianguka humu zamani, nami si mwenye mikono ya kukishika. Ashuke mmoja. Asiwe na silaha."

"Chuma anaweza," akasema dereva papo hapo, "ana deni." Kisha akaangalia saa, alikuwa na abiria wa asubuhi. Tukafunga kikao hapo, Chuma amekaa ukingoni mwa kisima, kamba kiunoni, miguu inaning'inia.

Juma lile lile viza yake ikatoka. Alikuwa ameomba kazi ya udereva Doha tangu mwaka uliotangulia, tukawa tumeshasahau. Aliondoka Alhamisi. Jumamosi tukaketi watatu na binti wa dada yangu, ambaye sasa ni mwanamke mzima wa kujibizana, na pengo kwenye jamvi. Mwalimu akasema, tumshushe Chuma sisi, tuendelee. Fundi simu akasema tumfanye amerudi nyumbani kwao. Tukabishana, kisha tukaona hakuna aliye na haki ya kumjibia. Tukawaacha wengine wakarudi kisiwani kufanya mambo mengine, na Chuma tukamwacha pale pale. Miezi minne amekaa ukingoni. Kila Jumamosi mtu humuulizia.

Juzi, saa nne usiku, simu ikalia darini. Ujumbe wa sauti, na nyuma yake kelele za magari na mtu anaita kwa Kiarabu. Nikaongeza sauti wote wasikie.

"Nahodha, salaam alaikum. Hamjambo nyote. Nimepata mapumziko kidogo. Nashuka. Kamba naifungua kiunoni, panga naliacha juu, nashuka kwa mikono. Najua yataka dadu. Lakini usinirushie wewe, wala mwalimu. Mpeni bi mkubwa."

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na ngazi, anachambua mchele. Hakuna aliyethubutu kumwambia, alikuwa ameshasikia. Binti wa dada yangu akaichukua dadu, mpya, ya bluu, akamwekea kiganjani. Nikasogeza sinia, siku hizi tunaitandika kitambaa. Bi mkubwa akaigeuzageuza dadu akiisoma namba zake, akapangusa mkono kwenye leso, akairusha bila kuitikisa, kama mtu anayetupa punje mbovu.

Ikazunguka, ikasimama.

"Sita," akasema, akatutazama mmoja mmoja. "Sita ni nzuri?"